Shotigani au raifo: mwongozo kamili wa kuchagua bunduki ya kuwindia swala

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wawindaji wenye vibali hapa Arusha na Moshi yanafanana mno. "Nilimpiga, nikaona kabisa ametetereka, akakimbia na wenzake, hatukumwona tena." Ukiuliza alikuwa na silaha gani, ni shotigani, bunduki ambayo kwa kawaida hurusha punje nyingi kwa mpigo mmoja. Umbali? "Kama mita 70 hivi."

Swala huyo hakukoswa. Kabeba punje mbili tatu za marisau tumboni, na atateseka siku nzima au zaidi kabla fisi hawajammaliza. Upande wa pili wako wenye raifo nzuri, bunduki ya risasi moja iendayo mbali, wanaofyatua huku nyuma ya mnyama kuna boma au ng'ombe wa watu wanachungwa. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: silaha haikulingana na mahali.

Bunduki ya kuwindia swala huchaguliwa kwa umbali utakaompigia mnyama, na kwa kilichoko nyuma yake. Ukubwa wa kishindo, urefu wa mtutu na sifa za muuzaji havimo.

## Mahitaji

Utahitaji hivi kadiri unavyopita hatua kwa hatua:

- Leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, vyote vikiwa hai.
- Risasi za aina mbili au tatu kwa ajili ya majaribio, zilizo sahihi kwa bunduki yako.
- Maboksi makubwa yaliyokunjuliwa, angalau mita moja kwa mita moja.
- Sahani ya upana wa sentimita 20 na kalamu nene ya kuchorea duara.
- Tepu ya fundi au kamba uliyoipima.
- Mifuko miwili ya mchanga ya kuegemezea.
- Kinga ya masikio na miwani ya kukinga macho.
- Darubini ya mkono.
- Fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, za kuegemezea bunduki porini.
- Utepe wa rangi kali wa kuwekea alama njia ya damu.

Darubini ya mkono wengi huiona ya anasa. Asiyekuwa nayo humwangalia mnyama kwa darubini ya bunduki, maana yake anamwelekezea mtutu kila anachokichunguza, na mara nyingine kile kitu ni mchungaji.

## Hatua ya 1: Maliza habari ya vibali

Silaha za kiraia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji chako na kupanda hadi polisi. Uwindaji uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na msimamizi wa vitalu na mapori nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Nenda kwa ofisa wanyamapori kabla ya kununua bunduki. Muulize mambo matatu: msimu umefunguliwa, eneo gani linaruhusiwa, na silaha ipi inakubalika kwa mnyama unayemwombea. Nimeona watu wakinunua shotigani kwanza, kisha wanatafuta mnyama wa kuifaa.

Kuwinda usiku, kumulika kwa tochi, kufukuza kwa gari na kutumia sumu ni marufuku. Majike wenye mimba na watoto hawaguswi.

Umefaulu ikiwa: kibali kinataja aina ya mnyama, idadi na eneo, na silaha unayofikiria haigongani na hata kimoja kati ya hivyo.

## Hatua ya 2: Mjue mnyama na uwanja wake

Swala si mmoja. Swala tomi dume ana kilo 20 hadi 30 na kitu. Swala granti dume hupita kilo 55. Swala pala dume ni kilo 50 hadi 75 hivi. Pofu naye, ambaye watu humweka kundi hilo hilo, dume lake hupita kilo 600.

Kinachokuhusu zaidi ni sehemu ya moyo na mapafu. Kwa swala pala ni duara la sentimita 20 hivi, sawa na ile sahani. Kwa tomi ni sentimita 12 tu. Kila utakachosoma huko chini kipime kwa duara hilo.

Sasa angalia uwanja. Nyika za Simanjiro ni wazi, nyasi fupi, na tomi au granti anakuona mapema kuliko unavyomwona. Kumfikia mita 100 ni kazi, na mita 150 ni kawaida. Vichaka vya migunga upande wa Longido ni jambo jingine: unaweza kukutana na pala mita 40 mbele yako, kisha dakika tano baadaye ukatokea kwenye mbuga unakoona kilomita mbili.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa mita, si kwa "karibu" na "mbali", umbali wa kawaida wa kumpigia mnyama wako katika eneo lako.

## Hatua ya 3: Elewa kila silaha inafanya nini

Hapa usiharakishe. Wengi wanaokosea wameruka hatua hii.

### Shotigani yenye marisau

Mtutu wa shotigani ya kawaida ni laini ndani. Ile ya namba 12 ina kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Unatia ganda lenye punje nyingi, na zikitoka zinaanza kutawanyika papo hapo.

Kwa marisau makubwa, tawanyiko ni takriban sentimita 2.5 hadi 3 kwa kila mita moja ya mwendo. Choki, yaani ule mbano wa mdomo wa mtutu, huweza kulipunguza. Piga hesabu mwenyewe: mita 20, tawanyiko la nusu mita. Mita 40, mita nzima. Ganda la kawaida la marisau makubwa, yale ya milimita 8 na kidogo, lina punje tisa. Punje tisa kwenye duara la mita moja, na duara la moyo ni sentimita 20: bahati yako ikiwa njema, punje moja itafika panapotakiwa. Nyingine ziko mguuni, tumboni, au zimepita kumfuata jike aliyesimama pembeni.

Tena kila punje ina gramu tatu na nusu tu, na kwa kuwa ni ya duara inapoteza mwendo haraka. Mita 70 ile ya malalamiko, kwa marisau, ni kumjeruhi mnyama kwa makusudi. Mpaka wangu ni mita 25, na kama bunduki imejaribiwa vizuri kwenye karatasi, 30. Marisau madogo ya kanga na kwale usimpige nayo swala kwa umbali wowote.

### Shotigani yenye slagi

Slagi ni risasi moja nzito, gramu 28 hivi kwa namba 12. Inapiga kwa nguvu kubwa mno kwa karibu. Kwa mtutu laini na mpigaji aliyefanya mazoezi, mita 50 hadi 70 ni umbali wa haki. Tatizo lake ni mporomoko: ukiiweka ipige alama mita 50, mita 100 imeshuka sentimita 15 au zaidi. Hapo umeshatoka nje ya duara, la tomi na hata la pala.

Na bega litakuambia. Slagi ya namba 12 inasukuma kuliko raifo ya .308 (namba kama hizi ni majina ya saizi za risasi za raifo). Anayeinunua shotigani kwa sababu "raifo inapiga teke" anafuata asichokijua.

### Raifo

Ndani ya mtutu wa raifo kuna mikato inayozunguka. Mikato hiyo inaizungusha risasi, nayo inatulia angani na kwenda moja kwa moja. Raifo ya .30-06 yenye kichwa, yaani ile sehemu ya risasi inayoruka, cha gramu 11.7 hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Ukiiweka ipige sentimita 5 juu ya alama kwenye mita 100, basi kuanzia unaposimama hadi mita 200 haipandi wala kushuka zaidi ya sentimita 5 hivi. Unalenga katikati ya duara bila hesabu. Hiyo ndiyo faida yenyewe.

Kwa tomi na granti, .243 inatosha kabisa. Kwa pala, kongoni na nyumbu, chukua .270, 7x57, .308 au .30-06, yoyote utakayopata risasi zake kwa urahisi hapa mjini. Pofu ni wa .30-06 yenye kichwa imara kinachopanuka bila kuvunjika, na .375 H&H humfaa zaidi.

Chagua kichwa chenye ncha laini kinachopanuka ndani ya mnyama. Kilichofunikwa shaba chote hutoboa na kupita. Swala anakimbia kilomita akiwa na tundu dogo, na risasi inaendelea na safari kumtafuta aliye nyuma.

Onyo: risasi ya .30-06 iliyorushwa juu huweza kwenda zaidi ya kilomita 4. Punje ya marisau makubwa haifiki hata kilomita moja. Tofauti hii ndiyo sababu ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Kata shauri

Jiulize kwa mpangilio huu, usiruke.

1. Kilicho nyuma ya mnyama ni nini? Kama eneo lako limejaa maboma, njia za mifugo na mashamba, na hakuna kilima wala mwinuko wa udongo wa kupokea risasi, raifo usiipige hapo. Badili eneo. Usidhani ukibeba shotigani ndiyo hatari imekwisha.

2. Umbali wa kawaida ni upi? Zaidi ya mita 70, ni raifo, na mjadala umekwisha. Kati ya 30 na 70, raifo bado ni bora. Slagi inakubalika kama umeifanyia mazoezi. Chini ya 30 kwenye kichaka kizito, marisau makubwa yanafanya kazi.

3. Mnyama ni yupi? Tomi na granti wa mbugani ni wa raifo. Kanga na kwale ni wa shotigani.

Hapo kwenye swali la kwanza nataka kukaa kidogo. Video nyingi tunazoziangalia hutoka Marekani, na humo utasikia kwamba shotigani ndiyo salama. Ni kweli majimbo kama Illinois kwa miaka mingi yaliwazuia wawindaji wa kulungu kutumia raifo, kwa kuwa ardhi yao ni tambarare na nyumba za wakulima zimetapakaa. Lakini mwaka 2007 bunge la jimbo la Pennsylvania lilipokea utafiti lililouagiza, nao ulionyesha kwamba bunduki ikipigwa usawa wa ardhi, slagi huweza kuruka baada ya kugonga chini na kwenda mbali kuliko risasi ya raifo, ambayo mara nyingi huvunjika au kupoteza nguvu. Hapa kwetu ardhi ya kiangazi ni ngumu na ina mawe. Slagi inaruka.

Kwa hiyo usalama hauji na aina ya bunduki. Unakuja na udongo ulio nyuma ya mnyama. Ukimwona swala kilele cha mwinuko na nyuma yake ni anga tupu, usifyatue, iwe raifo au shotigani.

Na mwenye uwezo wa kumiliki moja tu? Kama shabaha yako ni swala, chukua raifo ya .308 au .30-06 ya bolti, yaani inayojazwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono. Kama kweli unawinda kanga muda mwingi na swala mara moja moja, chukua shotigani, na ukubali kwa moyo mmoja kwamba swala aliye mita 60 utamwacha aende.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja silaha, risasi na umbali wa mwisho katika sentensi moja.

## Hatua ya 5: Linganisha bunduki na risasi zake

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Shotigani itaandikwa namba yake na urefu wa chemba, yaani pale ganda linapokaa: milimita 70 au 76, au inchi 2¾ au 3.

Shika hapa kwa makini. Ganda la milimita 76 linaingia kwenye chemba ya 70 bila kulazimisha, kwa sababu kabla halijapigwa mdomo wake umekunjwa. Likifyatuliwa halina nafasi ya kukunjuka, shinikizo linapanda, na mtutu unaweza kupasuka usoni kwako. Kuingia si ushahidi kwamba ni sahihi.

Hatari nyingine: ganda la namba 20, ambalo ni jembamba kuliko la 12, likiingizwa kwenye shotigani ya namba 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anadhani hakutia kitu, anaongeza la namba 12, anafyatua. Maganda ya namba 20 hutengenezwa ya rangi ya njano kwa ajili hiyo. Usichanganye namba mbili kwenye mfuko mmoja.

Slagi usiipitishe kwenye choki iliyobana sana. Tumia mdomo ulio wazi au uliobana kidogo tu, na ufuate maelekezo ya mtengenezaji.

Kwa raifo, jina la risasi lililoko kwenye kitako cha ganda lifanane na lililochongwa mtutuni, herufi kwa herufi.

## Hatua ya 6: Jaribu kwenye karatasi

Fanya hivi kwenye kiwanja cha shabaha kinachotambuliwa, siyo shambani kwa shemeji.

Shotigani. Chora duara la sahani katikati ya boksi. Piga ganda moja mita 15, badilisha boksi, piga mita 20, kisha 25, kisha 30. Kila boksi liandike umbali na aina ya risasi. Hesabu punje zilizomo ndani ya duara. Rudia kwa risasi za mtengenezaji mwingine. Utashangaa, bunduki moja hupenda ganda hili na kutapanya lile. Umbali wa mwisho ambapo punje tano au sita kati ya tisa bado zimo ndani ya duara ndio umbali wako. Kama umekoma mita 20, basi ni 20.

Raifo. Anza mita 25 ukiwa umeegemeza kwenye mifuko ya mchanga. Piga tatu, tafuta katikati yake, rekebisha darubini. Kisha nenda mita 100. Darubini nyingi husogeza milimita 7 hivi kwa mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia kwenye umbali huo, kwa hiyo ukiwa sentimita 7 kushoto, zungusha milio kumi kulia. Kwenye mita 25 utahitaji milio mara nne zaidi kwa kosa la ukubwa ule ule. Acha mtutu upoe kati ya raundi. Mtutu wa moto hudanganya.

Umefaulu ikiwa: risasi tatu za raifo zinakaa kwenye duara la sentimita 5, mita 100, siku mbili tofauti. Zikitawanyika, kaza skrubu za darubini kwanza kabla hujailaumu bunduki.

## Hatua ya 7: Tafuta umbali wako mwenyewe

Bunduki inayopiga mita 200 ikiwa juu ya mchanga haimaanishi wewe unapiga mita 200 ukiwa unahema baada ya kutambaa kwenye nyasi.

Tundika sahani ya sentimita 20 ya boksi. Tembea haraka mita 100, simama, egemeza bunduki kwenye zile fimbo tatu, piga ndani ya sekunde kumi. Anza mita 50, rudi nyuma kidogo kidogo. Pale unapoanza kukosa, rudi hatua moja mbele: huo ndio mpaka wako. Kwa wapigaji wapya mara nyingi ni kati ya mita 80 na 120, na si aibu.

Upepo nao uuhesabu. Unaovuma ubavuni kwa kilomita 15 kwa saa huisogeza .30-06 sentimita 7 au 8 kwenye mita 200. Kwa pala bado uko ndani. Kwa tomi umetoka.

## Hatua ya 8: Pa kulenga, na baada ya mlio

Moyo wa swala umekaa chini na mbele kuliko wengi wanavyodhani. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi moja ya kifua. Ukilenga nyuma sana ya bega unafikia tumbo. Akikupa mgongo, au akikutazama huku amebanana na wenzake, subiri. Kundi likisogea, utapata nafasi nyingine au hutapata, na yote mawili yanakubalika.

Ukishafyatua, tia risasi nyingine papo hapo bila kuondoa jicho. Kumbuka mti au jiwe pale aliposimama. Kisha kaa dakika 15 hadi 20. Aliyejeruhiwa akiachwa hulala karibu. Akifukuzwa hukimbia hadi mtaa wa pili wa pori.

Soma damu. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyekundu ya giza ni ini. Ongeza nusu saa au zaidi. Yenye ukijani na harufu ya uchafu ni tumbo: subiri saa kadhaa, mwite anayejua nyayo, mfuate taratibu mkiwa kimya. Funga utepe kila mnapopata damu, ili mkipotea mrudi kwenye alama ya mwisho na kuanza upya kwa mzunguko.

Mkikosa kabisa hadi giza linaingia, tia alama mahali pa mwisho na umweleze skauti wa wanyamapori mliyeongozana naye jioni hiyo hiyo. Asubuhi mnarudi na mwanga. Usipige mwingine kabla ya hapo, hata kama kibali chako bado kina nafasi.